Mita Thelathini za Waya

Kutangulia si kufika. Maneno haya watu huyasema kwa kucheka, wakimwona aliyeondoka alfajiri akipitwa njiani na aliyeamka saa nne. Bwana Waya hakuyacheka hata siku moja. Yeye alimtangulia mdogo wake kuzaliwa kwa miaka sita, akamtangulia jeshini kwa miaka saba, na ni yeye huyo huyo aliyemshika mkono akampeleka kuandikishwa, akamfundisha kutandika kitanda cha kambini na kupiga viatu rangi mpaka ving'ae. Leo mdogo mtu ni sajini, mkuu wa mzinga wa kutungulia ndege. Mkubwa mtu aliondoka jeshini akiwa koplo, baada ya kuomba kozi ya uofisa mara mbili na kuambiwa mara zote mbili asubiri zamu yake.

Lakini usimhurumie haraka. Hakuwa na shida ya tonge. Alichukuliwa na kampuni binafsi ya ndege yenye mkataba na jeshi, na nyumbani kwake watoto walikula wakashiba kuliko wa sajini. Kampuni yenyewe ilikuwa na ndege nne kuukuu za injini mbili mbili, na marubani waliostaafu jeshini, wazee wenye mvi ambao hawakujua pa kwenda isipokuwa juu. Jeshi lilikuwa na ndege zake za kivita, ila kuzirusha kwa kazi ndogo ndogo ni kama kwenda na lori dukani kununua kiberiti. Basi kazi hizo wakapewa watu wa mkataba: kubeba wakaguzi wa serikali, kupeleka vipuri kwenye vituo vya mbali, kupiga picha za mipaka, na iliyo ngumu kuliko zote, kuvuta soksi.

Soksi ni mfuko wa kitambaa cheupe, mrefu mita nane, uliokaa wazi mbele na nyuma upepo upite. Ndege huuburura angani mwisho wa waya wa chuma wenye mita elfu moja na mia mbili, na wapiga mizinga walioko chini hujifunza shabaha kwa kuupiga huo. Rubani anashika usukani. Nyuma yake, tumboni mwa ndege, anakaa mtu mmoja na winchi, anaachia waya, anauvuta, anaufunga breki. Huyo ndiye Bwana Waya. Jina alipewa na wanajeshi, na walilitamka kwa upendo kabisa, jambo lililomuudhi zaidi kuliko kama wangemtukana.

Nyumbani kwa mama yao mambo yalikuwa wazi kama meza isiyo na kitambaa. Picha ya sajini ilikaa juu ya televisheni. "Huyu ndiye mwanangu mwanajeshi," mama aliwaambia wageni hata wale waliokwisha kuambiwa. Akiulizwa habari za mkubwa alisema, "Naye yupo, yuko na kampuni fulani, wanavuta vuta vitu huko angani." Picha ya Bwana Waya akiwa na magwanda, iliyokalia ile televisheni miaka kumi, ilihamia kwenye korido, ubavuni mwa friji. Alipouliza kulikoni, mama alimjibu bila kugeuza uso.

"Si uliacha jeshi mwenyewe? Mkubwa ni jalala, mwanangu. Usihesabu kila kitu."

Alikwenda akasimama koridoni, akajitazama alivyokuwa kijana, friji ikimnguruma sikioni. Wivu wa mtu baki una dawa: unahama mtaa. Wivu wa mtoto wa mama yako unakaa nao meza moja, unakuomba chumvi, na wewe unaupa.

Na laiti mdogo mtu angekuwa na majivuno! Ungepata pa kumshika. Lakini yule alikuwa wa shikamoo kaka, nipe begi nikubebee, kaka umekula? Alimwuliza kaka yake ushauri wa mambo aliyoyajua tayari. Bwana Waya alilala na kuamka akimtafuta kasoro, akawa kama mtu anayechambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Hakupata hata jiwe moja, na hilo ndilo lililomuuma roho.

Sasa mwaka huo ukaja mtihani wa shabaha wa mizinga mitatu ya kikosi. Kila mwaka ulikuwepo, ila safari hii zawadi ilikuwa kubwa: mkuu wa mzinga utakaoshinda angepelekwa chuo cha wakufunzi, na anayetoka chuo hicho hatoki sajini tena, anatoka na nyota begani. Uofisa, kitu kile kile ambacho Bwana Waya alikigongea mlango mara mbili. Mama alikwisha kwenda kwa fundi kuulizia fremu kubwa zaidi.

Namna ya kujua nani kapiga soksi na nani kapiga hewa ni rahisi. Kila mzinga una rangi yake. Ncha za risasi zinachovywa rangi mbichi, na risasi ikitoboa kitambaa inaacha duara la rangi hiyo kwenye mdomo wa tundu. Soksi ikiangushwa uwanjani, inatandazwa juu ya meza ndefu, na mtu wa kampuni pamoja na karani wa kikosi wanahesabu: matundu mekundu, ya kijani, ya bluu. Bluu ilikuwa ya sajini. Bwana Waya alikuwa ameyahesabu matundu ya mdogo wake miaka mitatu mfululizo, kwa mkono wake mwenyewe, akiyazungushia chaki. Hebu fikiria kazi ya namna hiyo kwa mtu mwenye kijicho.

Raundi ya asubuhi ilipokwisha, meza ilisema hivi: bluu kumi na nne, nyekundu kumi na moja, kijani sita. Ilibaki raundi moja ya mchana. Meja, mkuu wa kikosi, mtu mnene wa sauti ya furaha, alimpiga sajini begani mbele ya watu.

"Sajini, kafunge begi polepole!"

Kisha akamgeukia Bwana Waya aliyekuwa akikung'uta chaki mikononi. "Na wewe bwana, soksi ya mchana ishonwe vizuri. Ya asubuhi ilikuwa inapepea kama shuka la hospitali."

"Afande," sajini alidakia haraka, "huyu ndiye kaka yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi."

"Ahaa!" Meja alicheka. "Basi alifundisha kuliko alivyojifunza!"

Wanajeshi waliangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha heri tu, cha watu walioshiba na kazi inayokwenda vizuri. Hata karani alicheka. Sajini peke yake hakucheka. Alimtazama kaka yake kwa macho ya kuomba radhi, na yale macho yaliingia ndani zaidi kuliko utani wa meja. Kuchekwa unavumilia. Kuonewa huruma na mtoto uliyemfuta kamasi, hapana.

Saa saba na nusu ndege iliruka. Usukanini alikuwa rubani waliyemwita Babu, mzee mkimya aliyevuta soksi kabla wapiga mizinga wote wa siku hiyo hawajazaliwa. Bwana Waya aliachia waya taratibu, kihesabio cha winchi kikisoma mita mia, mia tano, elfu, elfu moja na mia mbili. Akafunga breki.

Kazi hii ina sheria nyingi, lakini ya kwanza ni moja tu: mzinga ukiwa unapiga, breki iwe imefungwa na mkono wa mtu usiwe karibu nayo. Sababu haihitaji shule. Mpiga mzinga hapigi soksi ilipo, anapiga itakapokuwa risasi ikifika. Ukiachia waya katikati ya mapigo, soksi inabaki nyuma, na risasi zinafika mahali ambapo hakuna kitu. Kwa hiyo kabla ya kila mzinga rubani huuliza, na mtu wa winchi hujibu.

"Breki?" Babu aliuliza redioni.

"Imefungwa."

Mzinga mwekundu ukapiga. Ndege ikazunguka, ikarudi.

"Breki?"

"Imefungwa."

Kijani nayo ikapiga. Ndege ikazunguka mara ya tatu. Chini kule, nyuma ya mzinga wa bluu, mdogo wake alikuwa ameketi kwenye kiti cha kulenga, na Bwana Waya aliweza kumwona akilini kama vile amesimama mbele yake: kola imenyooka, mdomo umefungwa, mtoto mzuri wa mama. Akaiona fremu. Akaiona korido na friji.

"Breki?"

"Imefungwa," alijibu, na mkono wake ulikuwa juu ya breki.

Hakutaka kubwa, alijiambia. Watu wa aina hii hawataki kubwa kamwe, wanataka kidogo tu. Alitaka bluu ikose kidogo, ishuke chini ya nyekundu, mdogo mtu asubiri mwaka mmoja kama wenzake wanavyosubiri. Kuna ubaya gani mtu kusubiri? Aliposikia mzinga umeanza, akainua mkono wa breki, akahesabu moja, mbili, akaushusha. Kihesabio kilisoma elfu moja mia mbili na thelathini.

Ghafla winchi ikaruka kama imepigwa teke. Waya uliokuwa umekaza ukalegea, ukaanza kucharaza tumbo la ndege.

"Umekatika!" alipiga kelele. "Waya umekatika!"

"Mzinga wa bluu, acha kupiga!" Babu alisema redioni. "Acha kupiga! Acha!"

Risasi ilikuwa imekata waya. Na kwa wapiga mizinga hakuna aibu inayozidi hiyo, kwa sababu mbele ya soksi kuna waya, na mbele ya waya kuna ndege yenye watu. Anayekata waya ametangulia lengo, amepiga upande wa watu. Hapo hakuna kuulizana kama ilikuwa karibu au mbali. Mkuu wa mzinga huo anaondolewa kitini hapo hapo, na siku hiyo hiyo anaitwa kujieleza. Bwana Waya aliijua sheria hiyo tangu akiwa kuruta. Alikuwa ameisahau kwa sekunde mbili.

Kabla ndege haijagusa ardhi, alikuwa amekwisha kurudisha kihesabio kwenye sifuri na kuandika kwenye fomu ya safari: mita elfu moja na mia mbili, breki imefungwa muda wote. Mwandiko wake haukutetemeka. Soksi ilipatikana majanini, haina tundu la bluu hata moja, na mbele yake ulining'inia mkia wa waya uliokatika. Wakaupima. Mita ishirini na tatu.

Saa tisa waliketi wanne katika chumba cha mikutano cha kikosi: meja, Babu, Bwana Waya na sajini, ambaye aliketi ncha ya kiti, kofia magotini. Furaha yote ilikuwa imemtoka meja.

"Mita ishirini na tatu mbele ya lengo," alisema. "Sajini, nieleze."

"Sina maelezo, afande. Kosa ni langu."

"Bwana Waya, breki ilikuwa imefungwa?"

"Ilikuwa imefungwa."

"Nilimwuliza," Babu alisema. "Akanijibu imefungwa."

Meja aliipitia fomu, akashusha pumzi. Akawaambia ndugu wale wawili wasubiri nje dakika kumi azungumze na makao makuu kwa simu.

Tusidanganyane, furaha ilikuja. Bwana Waya aliisikia ikimpanda kifuani pale kwenye korido ya kikosi: hakuna chuo, hakuna nyota, hakuna fremu. Ilikaa muda wa kunywa glasi ya maji. Kisha akamtazama mdogo wake aliyekaa benchini, akamwona akiigeuza kofia magotini bila kukoma.

"Kaka, nisamehe," sajini alisema.

"Nikusamehe nini?"

"Ningekuua. Ningemwambia nini mama?"

"Ilikuwa mbali na ndege. Zaidi ya kilomita nzima."

"Hujui." Sajini aliinamisha kichwa. "Mimi siku zote nalenga mkia wa soksi. Silengi kichwa wala katikati. Kwa sababu wewe uko mbele, kaka. Nikasema hata mkono ukiteleza, risasi ipite nyuma, isikufuate wewe. Wenzangu wananicheka kwamba napoteza nusu ya kitambaa. Leo nimelenga mkia vile vile, na risasi zimekwenda mbele. Basi mikono yangu haifai. Nitaomba wanihamishie stoo. Sikai tena kwenye kile kiti."

Miaka mitatu Bwana Waya ameyazungushia chaki matundu ya bluu, na miaka yote mitatu yalikuwa mkiani, moja pembeni ya lingine. Hakuwahi kujiuliza kwa nini. Alidhani ni kasoro. Alikuwa hata ameifurahia.

Ukweli aliutoa nusu. "Breki... breki iliteleza kidogo, mdogo wangu."

Sajini aliinua uso. "Iliteleza? Mita ngapi?"

"Thelathini."

Ukimpa mpiga mzinga tarakimu, hata akiwa msibani atapiga hesabu. Midomo ya sajini ilicheza. "Thelathini, toa ishirini na tatu. Saba. Soksi ina mita nane. Kaka! Ningeipiga mkiani! Pale pale!" Akacheka na machozi yakimtoka kwa pamoja. "Sikukosea! Mungu wangu, sikukosea!"

"Hukukosea."

Sajini alifuta macho kwa kiganja, akatazama mlango uliofungwa, akashusha sauti. "Usiwaambie."

"Nini?"

"Usiwaambie, kaka. Umekwisha kuandika kwenye fomu, watakuona mwongo. Kampuni itakufukuza, na una watoto shuleni. Mimi nina kazi yangu bado. Nitapiga tena mwakani. Nilichotaka kujua ni kwamba mikono yangu ni mizima, basi." Akamshika bega. "Chombo kuteleza ni kitu cha kawaida."

Hapo ndipo wivu ulipompanda Bwana Waya kuliko siku zote za maisha yake. Alidhani umekwisha, kumbe ulikuwa haujaanza. Cheo kampita, mama kamchukua, na sasa hata siku ambayo kaka mtu kafanya uovu wake mwenyewe, dogo anataka kuubeba mgongoni na kuugeuza wema wake! Aliona miaka yote iliyobaki: shikamoo kaka, umekula kaka, na ndani ya kila shikamoo siri iliyofichwa kwa huruma. Afadhali kuchukiwa. Na ndiyo, inasikitisha kusema, hilo ndilo lililomsukuma kwenye ukweli. Wengine husukumwa na toba.

Mlango ukafunguliwa. Wakaingia, wakaketi.

"Makao makuu wamekubaliana nami," meja alisema bila kumtazama mtu. "Sajini, unatoka kwenye mzinga. Jina lako la chuo linafutwa. Una la kusema?"

"Sina, afande."

"Mimi ninalo," Bwana Waya alisema. "Breki haikuwa imefungwa."

Babu aligeuza shingo taratibu. Meja aliweka kalamu chini.

"Iliteleza?" meja aliuliza. Si kwamba alimtega, alimfungulia mlango. Vyombo vya kampuni vilikuwa kuukuu, kila mtu alilijua hilo, na breki iliyoteleza ni karipio, barua moja, winchi mpya. Sajini alimtazama kaka yake, akatikisa kichwa kidogo kwa kukubali, kama mtu anayemwonyesha mtoto pa kuweka mguu. Sema iliteleza, kaka. Sema tu.

"Haikuteleza," Bwana Waya alisema. "Niliifungua mwenyewe. Mita thelathini, kisha nikaifunga."

"Kwa nini?"

Alikuwa na majibu ya miaka ishirini. Alikuwa na kozi mbili za uofisa, picha moja na friji. Alipofungua mdomo yote yaliona haya kutoka.

"Alikuwa anashinda," alisema.

Babu ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ndogo ya mtu aliyechoka. "Nilikuuliza. Nilikuwa nimekaa mbele yako nikakuuliza, ukanijibu." Kisha akasimama, akasema kwamba anakwenda kuwapigia kampuni simu walete mtu mwingine wa winchi, kwa maana yeye haruki tena na huyu. Akatoka.

Meja alimtazama sajini. "Rangi yako ingali mbichi?"

"Ndiyo, afande."

"Mtu wa winchi akifika, utapiga upya raundi yako."

"Asante, afande. Naomba ruhusa nikaandae mzinga."

"Ruhusa."

Sajini alivaa kofia, akainyoosha kwa vidole viwili. Uso wake haukuwa na hasira. Hasira Bwana Waya angeijua, angeipokea kwa mikono miwili. Ulikuwa uso wa mtu anayepiga hesabu ndefu kutoka mwanzo, siku moja moja, mwaka mmoja mmoja, akiona kila jumla inabadilika. Bwana Waya aliinuka akasimama kati yake na mlango.

"Mdogo wangu," alisema.

Sajini alisimama, kwa adabu ile ile wanayofundishwa wanajeshi wakikutana na raia njiani.

"Samahani, bwana," alisema. "Naomba nipite."

Bwana Waya akampisha.